Siku moja maishani mwangu: natandika vitanda Tongyeong

Saa 11:30 alfajiri. Nje giza, upepo wa Februari unapiga madirisha. Nasali, navaa soksi mbili mbili, nashuka jikoni kuchemsha mayai. Nyumbani wakisikia niko Korea wananifikiria kwenye maghorofa ya Seoul. Mimi nasomea ufugaji wa viumbe vya baharini Busan, na likizo hii ya baridi nimepewa kibali cha kufanya kazi kwenye nyumba ndogo ya wageni Tongyeong, mji wa pwani ya kusini unaolisha nchi nzima chaza. Vyumba 9, wafanyakazi wawili: mimi na mama wa makamo ninayemwita imo. Neno hilo ni la dada wa mama. Kwetu Pemba tungesema mama mdogo.

Saa 1:00 asubuhi. Mkate wa kubanika, mayai, chai, vyombo.

Saa 1:45. Wageni wengi hulala usiku mmoja au miwili, kwa hiyo wanataka kujua waanzie wapi. Nawachorea ramani kwa mkono: njia ya chini ya bahari iliyojengwa mwaka 1932, mita 483, unaipita kwa miguu, Dongpirang, mtaa wa mlimani uliotakiwa kubomolewa hadi kuta zake zilipochorwa picha mwaka 2007 ukanusurika, na jumba la mbao la Sebyeonggwan, makao ya jeshi la majini la zamani, ambayo ndiyo yaliyoupa mji jina. Gari la kamba la kupanda mlima Mireuk sikuliahidi. Upepo ukiwa hivi, husimama.

Saa 2:10 simu inalia. Ni mgeni wa chumba namba 4, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Dar aliyejipa siku mbili za kupumzika baada ya kununua mzigo Busan. Yuko gati ya vivuko.

"Dada, hawa watu wamenikatalia tiketi. Eti pasipoti. Pasipoti nimeiacha hotelini Busan!"

Nikamwambia, kaka yangu, bila pasipoti au kitambulisho cha hapa hupandi. Akasema picha yake anayo kwenye simu. Akampa karani simu, nikaomba kwa Kikorea changu cha darasani. Picha haitoshi. Simu ikarudi kwa kaka.

"Basi fanya mpango. Wewe mtu wa nyumbani, hawa unawajua."

Nyuma yake nasikia foleni ikinung'unika. Imo akanitazama usoni, akachukua rundo la mashuka mikononi mwangu, akasema nenda. Nikaenda kwa miguu, upepo wa uso, machozi yanatoka kwa baridi.

Nilimkuta amesimama pembeni ya dirisha la tiketi, bado anazungumza kwa sauti. Alitaka kwenda Hansan, kisiwa ambacho mwaka 1592, kwenye maji yake, Admirali Yi Sun-sin wa Korea alilivunja kundi kubwa la meli za Wajapani. Alikuwa amesoma habari zake tangu Dar. Uchungu wake niliuelewa, na ndiyo maana nilivumilia kila neno.

"Safari ya nusu saa! Mimi Kigamboni navuka kila siku, nani kaniuliza jina?"

Nikamweleza habari za Sewol, kivuko cha hapa Korea kilichozama. Tarehe 16 Aprili 2014, walikufa watu 304, wengi wao wanafunzi wa skuli moja waliokuwa safarini, na siku ile serikali ikawa inataja hesabu ya watu na kuibadilisha, inataja na kuibadilisha. Baada ya hapo ukaguzi wa vitambulisho ukakazwa. Akasema hayo ni yao, yeye kafanya nini?

Hapo nikasahau kwamba ni mgeni. Nikamwambia mwaka 2011 nilikuwa na miaka 12. Meli ya Spice Islander ilitoka Unguja kuja kwetu, imejaza kupita kiasi, ikazama usiku. Mama yangu mdogo alikuwemo. Baba alikwenda kusikiliza majina yakisomwa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jina lake halikusomwa kwa sababu halikuandikwa popote. Huyu karani anayekuudhi, nikamwambia, anaandika majina.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Pole. Lakini siku yangu imeharibika." Ni kweli, ilikuwa imeharibika. Nikampeleka mpaka soko la Seoho, nikamwagizia supu ya samaki na majani makavu ya figili, nikampa ramani, nikarudi mbio.

Imo alikuwa amemaliza vyumba vitatu peke yake, kwa magoti yale yanayomuuma. Hakusema kitu. Nikaingia cha nne.

Kazi hii watu hudhani ni kutandika tu. Sakafu hapa hupashwa moto kwa chini na wageni hulala juu yake, kwa hiyo unaifuta yote kwa kitambaa, ukiwa umepiga magoti, na unywele mmoja ukibaki mgeni atauona. Taka unazitenga: plastiki, chupa, makopo, mabaki ya chakula. Maganda ya chaza hayahesabiwi kuwa mabaki ya chakula, na chumba namba 7 walikula chaza za kilo kadhaa wakayatupa yote humo humo. Nikayatoa moja moja. Vidole vilichanika hata ndani ya glavu.

Mchana sikumbuki nilikula lini. Wageni wapya walianza kuingia saa 9, kisha mashine ya kufulia ikagoma, kisha ikawa usiku.

Nilikuwa nakunja foronya pale mapokezi kaka aliporudi. Akauliza basi la kwanza la Busan, nikamtajia. Akapanda ngazi mbili, akasimama.

"Yule mama yako mdogo, walimpata?"

"Hawakumpata."

Akainamisha kichwa, akapanda juu. Foronya zilikuwa zimebaki 11.