Neosho, meli ya mafuta iliyodhaniwa manowari ya ndege

Kila nikisoma habari za Vita vya Pili vya Dunia kule Pasifiki nakutana na majina yaleyale ya manowari za Marekani za kubeba ndege, Yorktown, Lexington, Enterprise, na karibu hakuna anayesema hizo manowari zilikuwa zinapata wapi mafuta huko katikati ya maji ambako bandari ya karibu ni safari ya siku kadhaa. Zilikuwa zinaletewa. Kuna meli za mafuta za jeshi la majini zilizokuwa zinafuata msafara kila ulikoenda, na leo nataka niizungumzie moja tu, USS Neosho ya Marekani, kwa sababu inaniuma sana jinsi inavyotajwa kwa mstari mmoja halafu watu wanaendelea na hadithi.

Neosho ilishushwa majini 1939 huko Kearny, New Jersey, ni ya kundi la meli za mafuta linaloitwa Cimarron, urefu kama mita 169 na inabeba mapipa kama 146,000 ya mafuta. Ukubwa upo, lakini kilichoipa thamani ni spidi, ilikuwa inaweza kwenda karibu kilomita 33 kwa saa wakati meli nyingi za mafuta za zamani zilikuwa zinajikokota tu, na kwenye vita ukibaki nyuma ya msafara umekwisha.

Sasa kazi yenyewe ya kujaziana mafuta baharini watu wanaichukulia poa, ila fikiria, meli mbili kubwa zinakwenda ubavu kwa ubavu bila kusimama, katikati kuna nafasi ndogo tu, zinarushiana kamba kwanza, kamba inavuta waya, waya unavuta bomba la mpira, bomba linaning'inizwa kwenye mkono wa winchi ili lisizame wala lisikazwe sana likakatika. Maji yanayopita kati ya meli mbili kwa kasi yanazivuta zigongane, kwa hiyo aliyeshika usukani hana nafasi ya kupepesa macho, na mawimbi yanaruka hadi kwenye deki yanawapiga mabaharia wanaohangaika na bomba zito lenye mafuta ndani. Ikitokea hatari kila kitu kinaachiwa au kinakatwa palepale, kila meli inaenda zake. Mmoja wa maofisa walioanzisha mtindo huu ni Chester Nimitz, 1917 akiwa mhandisi kwenye meli ya mafuta ya Maumee, yuleyule aliyekuja kuongoza meli za kivita za Marekani kule Pasifiki, na mimi naamini alijua thamani ya mafuta kuliko maadmirali wengi wa wakati wake.

Desemba 7, 1941 Neosho ilikuwa Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, imefungwa kwenye gati la mafuta la kisiwa cha Ford ambako ilileta petroli ya ndege. Tazama ilivyokaa, mbele na nyuma yake kuna manowari kubwa, upande mmoja California na upande wa pili Maryland na Oklahoma. Ndege za Japani zikaja kabla ya saa 2 asubuhi. Na petroli ya ndege hata ukishaitoa yote kwenye tenki mvuke wake unabaki mle ndani, cheche moja inatosha, gati lina matenki karibu, Neosho ingelipuka pale sijui ingeondoka na wangapi. Nahodha John S. Phillips hakusubiri boti za kumvuta, kamba zikakatwa kwa shoka na saa 2 na dakika 42 meli ikaanza kutoka kinyumenyume, ikapita jirani na Oklahoma ambayo ilishapinduka, mizinga yake ikifyatua njia nzima, mpaka ikafika sehemu salama. Phillips alipewa nishani ya Navy Cross kwa asubuhi ile na aliistahili kabisa.

Miezi mitano baadaye ndio mapigano ya Bahari ya Matumbawe (Coral Sea), kaskazini mashariki mwa Australia. Mei 6, 1942 Neosho iliwajaza mafuta Yorktown na kruza Astoria (kruza ni manowari ya ukubwa wa kati), ikaagizwa iende kusini ikakae mbali na mapigano, ikisindikizwa na manowari ndogo moja tu, USS Sims. Kesho yake asubuhi ndege ya doria ya Japani ikawaona, rubani akatuma ripoti kwamba kaona manowari ya kubeba ndege na kruza. Kwa ripoti hiyo Shokaku na Zuikaku, manowari mbili za Japani za kubeba ndege, zikarusha ndege 78. Sabini na nane, kwa meli ya mafuta na mlinzi wake mmoja! Walipofika wakatafuta hiyo manowari ya ndege hawaioni, ndege za topido (makombora yanayopita chini ya maji) zikarudi, ila zile 36 za kudondosha mabomu zikaona bora zipige kilichopo.

Sims ilipigwa mabomu matatu ikazama haraka, waliotoka ni wachache mno. Neosho ilipigwa mabomu saba, na ndege moja iliyotunguliwa ikaja kuiangukia. Huko chini kulikuwa na Oscar V. Peterson, mkuu wa mafundi wa boila, timu yake ya matengenezo yote imeumia na yeye mwenyewe kajeruhiwa vibaya, stimu inatoka kwa nguvu, na zile vali za bomba la stimu lazima mtu azifunge kwa mkono. Akaenda akazifunga peke yake. Stimu ikamuunguza zaidi na majeraha hayo ndiyo yaliyomuua siku chache baadaye. Alipewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya jeshi la Marekani, akiwa tayari kafariki.

Meli ilikufa injini, ikalala upande, lakini haikuzama. Phillips alitoa amri watu wajiandae kuiacha meli, katika ule moshi na kelele wengi wakadhani wameambiwa waruke sasa hivi, wakaruka, wengine wakapanda vyelezo na mkondo ukawachukua. Halafu hesabu ya mahali walipo ilikosewa kwenye ramani, waliotumwa kuwatafuta wakaenda sehemu isiyokuwa na mtu. Siku nne wamekaa juu ya meli iliyoinama, majeruhi wanakufa mmoja mmoja, mpaka Mei 11 manowari ya Marekani, USS Henley, ikawafikia, ikachukua watu 123 kisha ikaizamisha Neosho. Wa kwenye vyelezo walikuwa 68. Zaidi ya wiki moja tangu shambulio ndipo USS Helm ikawapata wanne bado wako hai, wawili wakafa baada ya kuokolewa. Hapa huwa nashindwa kuendelea kusoma, naacha kwanza.

Wakati zile ndege zinahangaika na Neosho, ndege za Marekani zilikuwa zinaizamisha Shoho, manowari ya ndege ya Japani, siku hiyohiyo. Yorktown na Lexington siku hiyo hazikuguswa, Lexington ilikuja kupotea Mei 8. Kwa hiyo wanaosema Neosho ilikuwa mhanga wa bahati mbaya tu wanasema nusu ya habari, shambulio zima la asubuhi lilielekezwa kwake badala ya kwenda kwa wenzake. Na hasara yake ilionekana mara moja, Admirali Fletcher, aliyekuwa anaongoza vikosi vya Marekani pale, alibaki kule kusini bila meli kubwa ya mafuta ya kutegemea, na hiyo ni sababu mojawapo ya Nimitz kuviondoa vikosi vile kwenye Bahari ya Matumbawe.