Siku moja maishani mwangu: Ijumaa mpakani Busia

Saa tisa alasiri. Naingia zamu. Mimi ni askari wa trafiki mjini Busia, upande wa Kenya, na wikendi napangiwa madereva walevi na watoto wanaokunywa. Nakagua betri ya kipimo cha pumzi na kuhesabu mirija, maana kila dereva hupuliza mrija wake.

Saa kumi. Kwetu baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa mujibu wa sheria ya vileo ya 2010. Ng'ambo, upande wa Uganda, hatua chache tu, muziki umeshapamba moto. Mwenye kiu anavuka. Kati yao nawaona wavulana waliogeuza sweta za shule nje ndani ili nembo isionekane. Umri wa kunywa ni miaka 18 pande zote mbili, lakini mkono wangu unaishia mpakani. Kuvuka si kosa. Basi nawangoja warudi, na kungoja huko ndiko kunakoniuma kuliko kazi yote.

Saa kumi na mbili. Tunapekua bodaboda zinazotoka njia za panya. Chini ya kiti cha moja tunakuta pombe ya vipakiti. Kenya ilivipiga marufuku kwa sheria hiyohiyo ya 2010, Uganda ikafuata 2019, na bado vinapita. Navichukia. Chupa mtoto ataificha wapi? Kipakiti kinaingia kwenye soksi, na hela ya chakula cha mchana inatosha kukinunua.

Saa mbili usiku, malori. Madereva wote salama.

Saa tatu na robo. Pikipiki inakuja bila taa, imebeba wavulana watatu. Anayeiendesha ana miaka 16, hana leseni.

"Umekunywa nini, kijana?"

"Soda tu, afande."

Anapuliza. Kikomo ni mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi. Yeye ana 52. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2017, kwamba lazima ithibitike dereva ameshindwa kulimudu gari, siitegemei namba peke yake, kwa hiyo naandika kila nilichoona: alivyoyumba akishuka, alivyoshindwa kuizima pikipiki, maneno yaliyomkwama mdomoni. Wenzake nao wananuka pombe. Hakuna aliyevaa helmeti. Mbele yao ilikuwa barabara kuu, na malori yale.

Saa nne. Mama yake anafika kituoni na leso begani. Pikipiki ni ya baba, ndiyo inayowalisha. Hapigi kelele. Ananiuliza tu, "Afande, nani amemuuzia mtoto wangu?"

Kijana anaitaja baa. Iko ng'ambo.

Saa tano. Baa zetu zinafungwa, na wanywaji wanavuka kwenda kumalizia huko. Hao ndio tutakaowapima alfajiri wakirudi. Nampigia mwenzangu, askari wa Uganda. Ananiambia niende mwenyewe na maelezo ya kijana, ana kwa ana, ndipo atakapomfuata mwenye baa.

Saa kumi na moja alfajiri. Mirija 23 imetumika, madereva wawili wako ndani. Nakabidhi kipimo. Mama bado yuko kwenye benchi, macho makavu. Namwambia nitavuka saa nne asubuhi. Anauliza kama anaweza kuja nami. Namwambia aje na kitambulisho.