Nilivyoachana na petroli kuoshea vipuri (kuna kabureta ya mtu ilikufa njiani)

Mimi ni fundi injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma, miaka kumi na kitu, na siku zote vipuri naosha na petroli kama kila mtu. Jioni kichwa kinagonga, dogo wangu wa gereji alishaungua nyusi kisa mteja kapita na sigara, tunasema ndo kazi.

Aliyenistua ni shemeji yangu yuko na mafundi wa ndege. Ananiambia wenzetu Marekani tangu 1995 wana sheria ya kusafisha vipuri vya ndege kwa mkono na tambara, njia mojawapo ya kuitii ni dawa yako ya kuoshea presha ya mvuke (kipimo cha inavyoruka hewani) isizidi milimita 45 za zebaki kwenye nyuzi 20 za selsiasi, na tambara likishatumika linafungiwa kwenye chombo chenye mfuniko. Nikacheka, milimita za nini tena shem? Akachukua vizibo viwili vya soda, kimoja petroli kingine mafuta ya taa, akaweka juani. Chai hatujamaliza cha petroli kikavu. "Hiyo umeivuta wewe," akasema. Nikanyamaza.

Sasa ushauri wa kijiweni ndo uliniponza. Jamaa mmoja mjuaji kweli: "weka kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) kwenye maji ya moto, inang'oa kila kitu." Nikachemsha, nikatumbukiza kabureta ya mzee mmoja wa dagaa, nikaenda zangu kula ugali na migebuka. Narudi, ndoo inatokota na jiko nilishazima! Mapovu, mvuke unakaba koo, nachomoa na koleo naona kabureta nyeusi ina vishimo kama imeliwa na mchwa. Kostiki inakula aluminiamu, na hayo mapovu ni gesi ya haidrojeni, ningewasha kiberiti pale mngesikia habari zangu. Nikamlipa mzee laki mbili na ushee, mjuaji hata soda hakunipa. Shem alicheka hadi machozi, eti ndege nyingi sehemu kubwa ni aluminiamu ndo maana kwao dawa kali za hivyo mwiko.

Nikageukia mise, zile kokwa za michikichi, si tumejaa nazo huku. Ukipika mafuta ya mise na methanoli (aina ya spiriti yenye sumu) na kostiki kidogo sana unapata esta, majimaji mepesi yanayokula grisi vizuri na hayaruki hewani hovyo. Methanoli nimeagiza Mwanza, elfu hamsini sijui sitini na nauli ya basi. Pikia nje, mbali na moto wa kuni, mvuke wake usiuvute na usiionje hata kwa utani, inapofua macho. Gliserini ikituama chini mwaga, ile esta ya juu suuza na maji mpaka maji yatoke maangavu.

Ubaya wake iko taratibu. Petroli dakika mbili, hii naloweka usiku, asubuhi mswaki wa zamani, maji ya moto na sabuni ya unga maana inaacha utelezi. Halafu toa oringi (zile pete za mpira) zote kwanza!! Mimi nilisahau moja, asubuhi imevimba hairudi kwenye mfereji wake hata uibembeleze.

Ndoo niliichora alama kwa msumari, wiki nzima haijashuka kwa kuyeyuka kama ile ya petroli. Kichwa hakigongi. Malalamiko niliyopata ni moja tu, mteja kanusa injini yake akauliza, "fundi, umekaangia maandazi humu?"