Kabati la ami: kuzitia jalada gumu riwaya zetu

27 Februari

Ami amenikabidhi ufunguo wa kabati. Ni kabati la msaji la milango miwili, limesimama ukumbini kwake hapa Wete, Pemba, tangu sijazaliwa. Ndani mna vitabu 112. Nimehesabu mara mbili. Ami alisomesha historia skuli miaka mingi, na sehemu nzuri ya mshahara wake ilikwenda humo. Sasa mtoto wa jicho amemfunga macho, hawezi kusoma, na vitabu vimekaa miaka havijashikwa na mtu. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya kawa, ile harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi.

Hali yenyewe ni hivi. Vitabu vya siasa na historia ya Zanzibar vilivyotoka ng'ambo, kile cha Ingrams cha 1931, cha Lofchie cha 1965, cha Abdul Sheriff cha 1987 na wenzao, vimeshonwa vizuri na kurasa zake bado nzima, lakini majalada yameachia. Kile kitambaa chembamba kinachoshika jalada na kurasa kimeoza kwa unyevu. Vitabu vya dini vimechoka zaidi kwa sababu vilisomwa zaidi. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ile iliyokamilika 1969, mgongo wake umeshikwa na plasta ya hospitali.

Halafu kuna riwaya, na hizo ndizo zilizonifanya niandike kumbukumbu hii. Riwaya za Kiswahili karibu zote zilitolewa kwa jalada laini. Kurasa hazikushonwa, zimebandikwa gundi mgongoni basi, na gundi hiyo ikikauka hupasuka, kitabu kikawa karatasi za mkononi. Miaka ya 1980 ami alifunga riwaya zake kwenye mfuko, akapanda meli, akazipeleka kwa fundi mmoja Unguja mjini akazitie jalada gumu. Ishirini na tatu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona kitabu kilichoandikwa kwa lugha yetu, juu ya maisha yetu, hakistahili kufa kabla ya kile kilichoandikwa juu yetu na wengine.

Fundi yule ameshatangulia mbele ya haki, na kazi yake sasa inafumuka. Nitaishika mimi. Nimejifunza kidogo kwa kutazama video na zaidi kwa kuharibu madaftari.

14 Machi

Wadudu kwanza. Nondo wametoboa njia kwenye vitabu tisa, matundu madogo yanayopita jalada hadi jalada kama yamepigwa msumari. Dawa ya kupuliza sikuitaka, ami analala chumba cha pili na kifua chake si kizima. Njia salama ni baridi. Jirani yetu anauza barafu na samaki, ana friza mbili, akaniachia upande wa moja. Kila kitabu nimekitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikatoa hewa, nikafunga kwa utepe wa gundi, kisha wiki mbili kwenye barafu. Ukitoa usifungue papo hapo. Kiache ndani ya mfuko mpaka kipate joto la nyumba, ili umande utulie juu ya plastiki na usiingie kwenye karatasi. Umeme ulikatika mara mbili, kwa hiyo fungu la kwanza nimelirudisha tena.

Bi jirani alitaka kujua kama kuna kitabu cha dini humo, maana friza lina papa. Nikamwambia vya dini sikuleta hata kimoja, na kwa bahati nondo hawakuvigusa.

2 Aprili

Kuvu nimelipangusa barazani kwa brashi laini, kitambaa puani, asubuhi upepo ukiwa unatoka nyumbani kwenda nje. Kwenye majalada nimepitisha pamba yenye spiriti kidogo. Juani sikuanika. Karafuu unaianika juani, kitabu hapana: karatasi inageuka manjano na jalada linapinda siku ile ile. Kivuli na upepo vinatosha.

Kosa kubwa la kabati hili ni pahala lilipo. Limeegemezwa ukuta wa mawe na chokaa, na ukuta wa aina hiyo hunywa maji chini ukayapandisha juu. Tumelivuta mbele kiasi cha shubiri moja na kulipandisha juu ya vipande vya mbao. Nimeweka na kipimo cha unyevu. Kuvu hupata nguvu unyevu ukishapita asilimia 65 hivi. Leo, kabla masika hayajakaza, kipimo kinasoma 79.

Aprili yote

Mvua. Hakuna gundi iliyokauka. Nimesoma tu.

11 Mei

Nimerudi kazini na gundi ya unga wa ngano. Kijiko kimoja cha unga, maji vitano, moto mdogo, unakoroga mpaka ule weupe ugeuke kama ute, halafu unachuja kwa kitambaa. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kuifungua baada ya miaka 50 unailowesha tu, inaachia bila kuchana karatasi. Ubaya wake mende wanaipenda. Mafundi wa zamani walikuwa wakitia mrututu humo, ile chumvi ya shaba, na kwenye vitabu viwili vya fiqhi vilivyofungwa zamani nimeona rangi ya kijani kibichi pembeni mwa jalada, lakini shaba ile huila karatasi taratibu. Mimi nimetia matone machache ya mafuta ya karafuu. Hapa Pemba hayatafutwi mbali, yanakamuliwa Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Gundi ya wiki nzima haijachacha. Karafuu zenyewe zisitiwe ndani ya kitabu, kama wengi wanavyofanya kwa nia njema. Nimekuta riwaya moja yenye alama za kahawia kurasa kumi mfululizo, kila alama na umbo la karafuu, hadi kichwa chake.

Jalada langu la kwanza limekufa. Nilikata kadibodi vizuri, nikavisha kitambaa, nikaliweka chini ya mawe ya mizani aliyoyaacha babu, yale ya kupimia karafuu. Asubuhi yake limejikunja kama kuti kavu. Sababu nimeijua baadaye: karatasi na kadibodi zina mwelekeo wa nyuzi zake, zikilowa hutanuka kwa ubavu, na zikikauka hujivuta. Nyuzi lazima zifuate mgongo wa kitabu, juu kwenda chini. Kuzijua ni rahisi. Unakunja kadibodi kidogo huku na huku; upande usioshindana nawe ndio wa nyuzi. Nimetupa kadibodi nne.

Kitambaa ni marekani, na hilo jina linanifurahisha kila nikilishika. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sultani Said wa Maskati, aliyeitawala na Zanzibar, ni wa 1833, na merikebu za Salem, bandari ya huko Marekani, zilikuwa zikileta pamba ile nyeupe na kuondoka na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Kitambaa kikapewa jina la nchi. Leo ndicho kinachovishwa kitabu cha Sheriff kinachoeleza biashara hiyo hiyo.

8 Juni

Leo nitaandika kwa urefu.

Kulikuwa na kitabu kimoja kwenye safu ya riwaya ambacho hakikukaa sawa mkononi, kinene kuliko majirani zake. Mgongoni fundi aliandika kwa wino wa dhahabu, uliobaki nusu: KULI. Ndiyo riwaya ya Adam Shafi ya 1979, juu ya Rashid na wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo mkuu wa 1948. Nilipofika mwisho wake nikakuta ukurasa wa jina mwingine, kwa Kiingereza. Ni utafiti wa Anthony Clayton juu ya mgomo ule ule, kijitabu kilichotolewa Uppsala, Uswidi, mwaka 1976. Viwili ndani ya jalada moja.

Nilidhani fundi alikosea. Nikamwendea ami barazani, nikamwambia, "Ami, humu mna vitabu viwili, nitavitenganisha, hiki kikae na vya historia."

Akaninyooshea mkono nikampa. Alikipapasa mgongo kwa kidole gumba, juu kwenda chini, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto.

"Usivitenganishe, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia avishone pamoja. Mashekhe wetu hawakuwa wakishona risala nne tano kwenye jalada moja? Vile vinajuana kabla yako."

Nikarudi mezani. Fundi alikuwa amevidunga ubavuni, uzi umepita matundu sita kutoka ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho. Kushona huko kuna nguvu, ila kunameza ukingo wa ndani, na kitabu hakifunguki mpaka chini. Nilikata uzi kwa wembe, tundu moja moja, nikauvuta. Karatasi zikaachia. Na pale kwenye ukingo uliokuwa umebanwa kwa miaka 40 hivi, kukatokea maandishi ya penseli, herufi za Kiarabu, lugha ya Kiswahili. Mkono wa ami alipokuwa na macho yake.

Mengi ni ya kuelekeza tu: tazama ukurasa fulani kwa Clayton, tazama ukurasa fulani kwa Shafi. Alikuwa akisoma viwili kwa pamoja, mkono huu na mkono huu. Lakini pahala pamoja, kwenye habari za siku za mgomo, ameandika maneno matatu: *Baba alinambia vingine.*

Nilimsomea. Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akanieleza, nami sikuwahi kuyasikia: babu yangu, yule wa mawe ya mizani, kabla hajarudi Pemba alikuwa hamali bandarini Unguja mwaka ule. Hakuwa mtu wa mbele kwenye mgomo wala hakuuvunja. Aliondoka mjini kwa miguu, akaenda shamba kwa watu wake, akala muhogo mpaka kazi iliporudi. Aliporudi alikuta wenziwe wawili hawasemi naye, na mmoja hakusema naye mpaka alipokufa. "Hilo," ami akasema, "si huyu aliyeliandika wala yule. Na wote wawili wamesema kweli."

Yote aliyoniambia nimeyaandika kwenye karatasi nne nyembamba, naye akanisahihisha mara mbili nilipomsomea. Zitaingia kitabuni, baina ya riwaya na utafiti.

Kuvidunga upya ubavuni haiwezekani tena, maandishi yatamezwa. Nimebana kurasa zote kati ya mbao mbili, nikazilaza kulia kama karata, nikapaka gundi nyeupe nyembamba, nikazilaza kushoto nikapaka tena. Kwa njia hiyo kila karatasi inashikwa kidogo ubavuni na jirani yake, haishikwi nchani tu, na kitabu kinafunguka mpaka chini. Juu yake nimebandika shashi ya hospitali, kisha kitambaa.

29 Juni

Baada ya hapo nimekagua mpangilio wote upya. Nilikuwa nimeshavitenga: siasa huku, dini huku, riwaya huku. Nimeharibu kazi ya mtu. Bahati nilipiga picha kabati kabla sijagusa kitu. Kwenye picha, *Kasri ya Mwinyi Fuad*, riwaya nyingine ya Adam Shafi, ya 1978, imesimama bega kwa bega na Lofchie, mapinduzi kwa mapinduzi. Kijakazi wa *Kasri*, yule mtumishi aliyekuwa hataki kumwacha bwana wake, upande wa kushoto, na mambo ya vyama na chaguzi upande wa kulia. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba hii, iko kwenye safu ya vitabu vya sheria ya ndoa na talaka. Nimevirudisha vyote kama vilivyokuwa.

Niseme wazi ninaloliamini. Anayetaka kuijua Zanzibar ya karne iliyopita akasoma wataalamu peke yao, atajua bei ya karafuu na majina ya vyama, na hatajua nini kilikuwa kikipita moyoni mwa Kijakazi.

20 Julai

Kaniki imenitia hasara. Nilitaka riwaya zote ziwe na mgongo wa kaniki, iliyo nyeusi na yenye heshima. Gundi ilipoilowesha, rangi ikatoka, ikaingia kwenye kurasa za mwanzo za vitabu viwili. Moja ni *Nyota ya Rehema*, chapa ya 1976, na hiyo imeniuma sana. Sasa nafua kaniki mara tatu kwa maji ya chumvi, na naijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe.

Tafsiri ya Sheikh al-Farsy nimeimaliza, kwa udhu, siku tatu. Plasta ilitoka kwa maji ya uvuguvugu bila kuchukua herufi hata moja. Chini yake, kwenye mgongo, fundi wa kwanza alikuwa amepaka tabaka la karatasi tupu. Kwenye kitabu kimoja cha fiqhi kutoka Misri, tabaka hilo lilikuwa kipande cha gazeti la Kiswahili kinachozungumzia wapiga kura. Uchaguzi wetu wa kwanza ulikuwa Julai 1957, kwa hiyo kitabu hakikufungwa mbali na miaka hiyo. Nimekirudisha kipande pahala pake.

6 Septemba

Vimekamilika 38: riwaya 15, siasa na historia 14, dini 9. Kipimo cha unyevu kinasoma 68, kusi limetusaidia.

Ami ametaka nifungue daftari la kuazima. Sharti lake ni moja, kitabu kikae nje mwezi na kirudi. Vijana wawili wa hapa mtaani wamechukua *Kuli* kwa zamu, na mmoja ameniuliza zile karatasi nne za kati nani kaziandika. Nimempeleka kwa mwenyewe. Wamekaa barazani tangu alasiri, na mimi nimo ndani nakata kadibodi ya *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya 2022 ya Ida Hadjivayanis, niliyoinunua mwenyewe. Ami anaitaka kando ya Sheriff. Nyuzi nimezipima mara mbili.