Kwenda Marangu kwa Bibi

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na Bibi hakuipenda hata moja. Alikuja kwetu Sanawari macho yalipoanza kumsumbua, akakaa mpaka alipopata miwani, na kesho yake alfajiri tukamkuta sebuleni amejifunga kitenge, kikapu kiko miguuni. Hakuaga, alitangaza. "Ng'ombe wangu analishwa na watu baki," akasema. Baba alimwomba akae walau mpaka Jumapili. Alikuwa anaomba huku anatafuta viatu, maana alimjua mama yake.

Desemba hii niliifuata njia ile ile kwenda kwenye ibada ya kuweka msalaba kaburini kwake. Mwenye kujua Desemba ya Uchagani anajua nilivyopata siti: kwa kusukumana. Lakini niliipata ya dirishani, upande wa kushoto, unakoonekana Mlima Kilimanjaro.

Tengeru ilikuwa siku ya gulio, kwa hiyo tulisimama sana. Hapo Bibi alikuwa na mazoea ya kuikagua migomba ya Wameru kupitia dirishani na kutoa hukumu kwa sauti, bila kujali Wameru waliojaa ndani ya gari. Ati wanaibana. Mgomba unataka nafasi ya kuzaa watoto, na watoto wakizidi unawang'oa, unabakiza mama, binti na mjukuu. Siku moja abiria mmoja alimjibu kwamba ndizi za Tengeru ndizo zinazolisha Arusha nzima. Bibi akamwambia, "Ndiyo maana watu wa Arusha wamekonda." Gari zima lilicheka, na yule abiria pia, akamsaidia hata kushusha kikapu tulipofika.

Ukishapita njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nchi inabadilika. Vumbi, migunga, mbuzi, jua la Boma Ng'ombe. Huku tambarare ndiko wanawake wa mlimani waliposhuka miaka yote kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu juu kila kipande cha ardhi kimelimwa na ng'ombe anafugwa bandani. Unashuka mikono mitupu, unapanda na mzigo kichwani. Watalii wanalipa pesa nyingi kupanda mlima huu wakibebewa mizigo. Nikiwaza hilo huwa nacheka peke yangu.

Moshi mjini sikukaa, nilibadilisha gari tu. Ila kabla ya kurudi stendi nilipita mbele ya jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, maana kisa cha Bibi ninachokipenda kuliko vyote kinahusu kahawa.

Wakulima wa huku walijiunga mapema. Chama chao cha kwanza kilianza mwaka 1925, na KNCU yenyewe ikaundwa mwaka 1933. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vikarudi miaka ya themanini. Kahawa ilijenga shule, ikaezeka nyumba bati, ikasomesha akina baba zetu. Lakini kahawa ilikuwa ya mwanamume. Mwanamke alikuwa na ndizi zake, maziwa yake na mbege, pombe yetu ya ndizi. Kuchuma alichuma yeye, kukoboa kwenye ile mashine ya mkono alikoboa yeye na watoto, kuosha na kuanika ni yeye. Siku ya malipo aliyekwenda dirishani ni mwenye jina kwenye daftari.

Babu alipofariki, Baba Mkubwa, kama mtoto wa kwanza wa kiume, alikwenda chama cha msingi akachukua malipo ya msimu. Pengine hakuona ubaya, ndivyo ilivyokuwa. Msimu uliofuata Bibi alianika kahawa kama kawaida. Namkumbuka kwenye kichanja, anaokota punje moja, anaiuma kwa jino la pembeni, anasikiliza. Jino likizama, kahawa bado mbichi. Ikipasuka kwa mlio mkavu, basi tayari. Aliuma kutoka pande zote nne za kichanja, maana upande wa kivulini hudanganya. Ilipokauka aliijaza kwenye gunia akaenda nayo mwenyewe chamani, akamwambia karani aandike jina lake. Karani akasema jina lililopo ni la marehemu, na mrithi anafahamika. Bibi akakaa juu ya gunia lake.

Alikaa mpaka ofisi ikafungwa, na kesho yake akarudi kukaa. Walioleta kahawa ilibidi wamzunguke kuufikia mzani. Siku ya tatu jina lake likaandikwa. Inasemekana karani alimpa na kalamu aweke saini, akakataa dole gumba kwa hasira, maana kusoma alisoma, darasa la nne la misheni.

Kutoka Himo barabara inaanza kupanda, na masikio yanaziba kidogo. Migomba inaanza kusogea kando ya lami, kisha mikahawa chini ya migomba, na juu ya yote miti mikubwa ya kivuli. Baridi ikaingia dirishani. Marangu Mtoni nilichukua bodaboda. Kijana akaniuliza swali la kila mgeni wa huku: "Wewe ni wa kwa nani?" Nikamtajia. Akageuka kunitazama. "Kwa yule Bibi wa gunia?" Kijana mwenyewe hakuwa amezaliwa kisa kile kilipotokea.

Kuhusu Baba Mkubwa, ugomvi haukuishia chamani. Walikaa muda mrefu bila kusalimiana, na vihamba vyao, yaani mashamba yao ya nyumbani, vimepakana. Mwishowe wazee wa ukoo walimkalisha, akaenda kwa mama yake na isale mkononi. Asiye wa huku ajue kwamba kwetu ukiletewa jani la isale huwezi kukataa msamaha. Hata aliyeua aliombewa nalo. Na isale hiyo hiyo ndiyo tunayopanda kuonyesha mpaka wa shamba. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha, akampa mwanawe kata ya mbege aliyoipika mwenyewe, uchungu wa gome la msesewe umekolea. Kisha, Baba Mkubwa angali anakunywa, akachukua jembe, akaenda kuichomeka ile isale mpakani kati yao.

Imeshika. Leo ni kichaka kinachonizidi kimo.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, pembeni ya la Babu. Ibada ilikuwa fupi, mchungaji alikuwa na nyingine tatu siku hiyo. Tulikula mtori, nyama, ndizi, tukapiga picha. Halafu wageni walipopungua tukakaa familia, na hapo ndipo kila mtu alipokuwa amepangojea tangu asubuhi.

Kwa mila, nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba wa kiume. Bibi hakupingana na hilo: nyumba ni ya Baba Mdogo, anayeishi Dar. Lakini kipande cha chini, chenye kahawa na maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, alimwachia Shangazi, aliyerudi nyumbani ndoa ilipovunjika na akamuuguza mpaka mwisho. Alikuwa ameyasema mbele ya balozi wa nyumba kumi na wazee wawili, na ameyaandika kwa mkono wake kwenye daftari la shule. Mjomba mmoja alianza kunung'unika kwamba binti harithi ardhi ya ukoo. Binamu yangu akamkumbusha kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mjomba akasema sheria ni za Dodoma.

Aliyemaliza mjadala, nashangaa hadi leo, ni Baba Mkubwa. Mzee sasa, anatembelea fimbo. Alisimama polepole, akasema, "Mimi nilishabishana na mama kuhusu shamba. Kama kuna mwingine anataka, kaburi lile pale, akamwambie." Akakaa.

Tuliteremka wote kupima kipande cha Shangazi. Daftari lilisema mpaka unaanzia kwenye isale ya Baba Mkubwa, ndivyo Bibi alivyoiandika, na mzee mwenyewe ndiye aliyetuonyesha shina kwa ncha ya fimbo. Shangazi hakusema kitu. Alikuwa anaangalia mikahawa, anakunja tawi hapa, anafunua jani pale kutafuta kutu, na mimi nilishaona moyoni kwamba mwakani kutakuwa na mtu wa kuuma punje.

Tukabakiwa na suala la ng'ombe. Baba Mdogo aliuliza kwa upole, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, je, ng'ombe ni wa nani?

"Wa atakayemkatia majani," Shangazi akajibu, akamnyooshea mundu.

Baba Mdogo alisema basi la Dar linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.