Kalamu Yangu na Asisti za Babu

Timu nzima ilimwita Babu, naye alikuwa na miaka 36 tu. Kwenye mpira wa kikapu huo ni umri wa kuitwa babu, hasa ukiwa mchezeshaji, mtu wa kuvusha mpira, kuwapanga wenzako na kukimbizana na vijana ambao magoti yao hayajaanza kutabiri mvua. Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa mtunza takwimu. Nakaa mezani kando ya uwanja na daftari langu la mistari, naandika nani kafunga, nani kaokota ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, nani kapoteza mpira, nani katoa asisti, yaani pasi iliyozaa kikapu. Babu aliniita Karani, na jina likaganda.

Kikao ninachokikumbuka kilikuwa Julai 2012. Sihitaji kuitafuta tarehe, kwa sababu ndizo siku Steve Nash, mchezeshaji wa ligi ya Marekani, alipoihama Phoenix Suns kwenda Los Angeles Lakers akiwa na miaka 38, na kocha wetu aliingia na habari hiyo mdomoni kama mtu aliyeletewa shahidi mlangoni. Ajenda ilikuwa moja. Tumwache Babu, au tubaki naye?

Kulikuwa na kijana mmoja mwenye kasi ya kutisha aliyekuwa tayari kujiunga nasi. Hakuwa na masharti mengi, alitaka mpira uwe mikononi mwake, basi. Hakuwa tayari kukaa benchi akisubiri Babu achoke. Na orodha ya mechi ni majina 12. Wa kumi na tatu ni mtazamaji.

Kocha alizungumza kwanza, na kwa haki alizungumza vizuri. Alisema kila timu inayocheza nasi imeshajua pa kupenyea. Wanamtafuta Babu. Wanaweka skrini, mtu wao anasimama kumzibia mlinzi njia, mpaka yeye abaki peke yake na yule mwenye mbio, anapitwa hatua moja, wenzake wanakimbilia kuziba, kona inabaki wazi, pointi tatu. "Tunafungwa kikapu kilekile mara kumi kwa mechi," alisema. "Hata Phoenix wameelewa. Mtu mmempenda, amewafanyia makubwa, lakini mnamwachia wakati bado kuna anayemtaka."

Mweka hazina alikuwa akimsubiri amalize. Huyu bwana aliifuata ligi ya Marekani kama wengine wanavyofuata mahesabu ya ndoa za majirani. "Nash huyohuyo," alisema, "Dallas walimwachia mwaka 2004 akiwa na miaka 30, wakihofia mwili hautadumu. Akaenda Phoenix akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi 2005, akaichukua tena 2006. Tena msimu huu uliokwisha katoa asisti zaidi ya kumi kwa mechi. Halafu Dallas haohao, mwaka jana tu, wamebeba ubingwa na Jason Kidd ana miaka 38. Mbio hana, anajua mpira unatakiwa wapi. John Stockton je? Misimu 19 na Utah. Ule wa mwisho anatimiza miaka 41, kacheza mechi zote 82!"

"Hao wana watu wa kuwakanda," kocha akamjibu. "Huyu wetu anatoka kazini na kuingia uwanjani."

Tukacheka wote. Lakini mweka hazina hakuwa amemaliza. Akanigeukia. "Karani, fungua daftari. Wasomee asisti."

Nikasoma. Msimu ule tulicheza mechi 14, na Babu alikuwa na asisti 121. Aliyemfuata, mchezeshaji wetu wa akiba, alikuwa na 41. Karibu mara tatu. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, nahodha akapiga mluzi mdogo, kocha akatazama chini. Mimi masikio yalinichoma, na hakuna aliyejua kwa nini.

Asiyewahi kutunza takwimu hawezi kujua jinsi asisti inavyoandikwa. Pointi ni pointi, mpira umeingia au haukuingia, na ubao wa matokeo unakusuta ukikosea. Asisti ni maoni ya mwenye kalamu. Kanuni inasema pasi iwe imezaa kikapu moja kwa moja. Sawa. Sasa mpokeaji akidunda mara tatu, akamhadaa mlinzi, akageuka, akafunga kwa mkono wa kushoto huku anaanguka, hapo mtoa pasi kafanya nini? Kalamu yangu ilimwandikia Babu. Kijana wa akiba akitoa pasi ya namna hiyohiyo, kalamu ilikaa kimya.

Sikupanga kuiba. Nilimpenda tu. Kila mechi ilipoisha alikuja mezani kwangu kabla hata hajafuta jasho, na hakuuliza pointi zake. Aliuliza, "Nimepoteza mingapi?" Siku moja akainama, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. "Hii ya robo ya tatu siyo asisti, Karani. Jamaa kapika mwenyewe, mimi nilimpa kuni tu." Nikacheka. Sikuifuta.

Kikaoni tulikuwa watano. Kocha na mwenyekiti walielekea kumwacha, nahodha na mweka hazina walitaka abaki. Mimi sikuwa nimesema neno zaidi ya kusoma tarakimu. Mwenyekiti akatazama saa, akasema tulale juu yake, kura tupige kesho jioni. "Na wewe Karani," akaongeza akiwa tayari amesimama, "uhakikishe hesabu zako." Nadhani alisema kwa mazoea, kama mwenyekiti yeyote. Mimi niliisikia kama kesi.

Niseme hapa kwamba ugomvi wa Nash haukuishia usiku ule. Wale wawili waliuendeleza kwa simu miaka na miaka. Nash alipovunjika mfupa wa mguu kwenye mechi yake ya pili tu na Lakers, kocha alituma ujumbe kabla ya alfajiri. Suns walipoumaliza msimu huohuo na ushindi 25 kati ya mechi 82, mkiani kabisa upande wa Magharibi, ikawa zamu ya mweka hazina. Msimu uliofuata Suns wakashinda 48 na mchezeshaji wao Goran Dragić, Nash akacheza mechi 15 tu, kocha akajibu. Na lililowanyamazisha wote wawili lilikuja baadaye sana. Mojawapo ya haki za kuchagua chipukizi ambazo Lakers walizitoa kwa ajili ya Nash ilizunguka mpaka Philadelphia, ikatumika mwaka 2018 kumchagua Mikal Bridges, na usiku uleule Bridges akapelekwa Phoenix kwa mabadilishano. Mwaka 2021 Suns wakafika fainali naye, wakafungwa na Milwaukee. Na mchezeshaji wao alikuwa nani? Chris Paul, mwenye miaka 36. Jamani, hapo nani kashinda ubishi?

Narudi usiku ule. Shabiki wetu mmoja alikuwa na kamera na alirekodi mechi zote 14. Nikazitoa, nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza upya na daftari pembeni. Sikutazama mechi nzima, nilikwenda kwenye vikapu tu. Kila asisti ya Babu nilijiuliza swali moja: ile pasi isingekuja vile, kikapu kingepatikana? Saa nane za usiku nilikuwa nimekata 37. Zikabaki 84. Na kijana wa akiba nikamrudishia tisa nilizomnyima, zikawa 50.

Ningeweza kulala hapo. Lakini ukitazama mtu mmoja kwa saa nyingi unaanza kuona mambo ambayo daftari halina safu yake. Niliona pasi iliyotangulia pasi. Babu anampa mtu wa pembeni, huyo anampa wa chini ya kikapu, anafunga, na asisti inakwenda kwa yule wa pembeni, kihalali kabisa. Ila aliyeivunja ngome ni Babu. Niliona pia kidole chake. Kabla mpira haujavuka nusu ya uwanja, kidole kilikuwa kimeshamhamisha mtu hatua mbili kushoto, na sekunde chache baadaye mtu huyo anafunga peke yake kana kwamba walinzi wamemsahau.

Halafu nikatazama ulinzi, ambao kalamu yangu haikuwahi kuuandika kabisa. Ulikuwa mbaya kuliko kocha alivyosema. Kuna tukio moja nililirudisha mara tatu. Skrini inakuja. Babu anaiona kabla ya mtu yeyote, mdomo umeshafunguka kupiga kelele, mkono umenyanyuka unamwonyesha mwenzake pa kusimama. Kila kitu ni sahihi. Yule mwenye mbio anampita huku mkono wa Babu bado uko juu. Akili ilifika mapema, miguu ikaja na basi la mwisho.

Kesho yake niliwaambia kabla kura haijaitishwa. Nilisema daftari langu limempendelea Babu, nikataja 84. Mweka hazina alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Nilidhani kocha angefurahi, lakini hakufurahi. Aliuliza tu, "Hizo zilizobaki, bado anaongoza?"

"Bado anaongoza. Kwa mbali."

"Basi hilo halibadilishi neno," akasema, na nadhani alikuwa sahihi. Kikao kizima tulikuwa tumechanganya maswali mawili. Moja ni kama Babu amekwisha. Hakuwa amekwisha, mtu mwenye asisti sita kwa mechi kwa kalamu ya haki hajakwisha. La pili ni kama kuna kitu mkononi cha kuweka mahali pake, na kitu hicho kitasubiri mpaka lini. Kijana asingesubiri. Tungembakiza Babu mwaka mmoja, labda miwili, kisha tungebaki bila huyu wala yule. Timu nyingi zinang'ang'ania swali la kwanza kwa sababu lina hisia na majina makubwa, la pili ni kazi ya karani.

Kura zikawa tatu kwa mbili. Mkono wa tatu ulikuwa wangu. Watu waliponiuliza baadaye nilitaja umri, orodha ya majina 12, mustakabali wa timu. Ukweli ni kwamba nilipounyanyua nilikuwa nautazama ule mkono mwingine, uliobaki juu hewani huku mtu anapita.

Barua nikapewa mimi niandike, nani mwingine. Mwenyekiti alitaka iwe na heshima, shukrani mwanzoni na mwishoni, na takwimu katikati. "Weka zile 121," alisema. "Mtu anaondoka, huwezi kumkata na asisti zake." Sikubishana. Nikaweka 121.

Nilimpelekea mkononi, jioni, uwanjani, alikokuja kurusha mitupo peke yake. Aliisoma amesimama, begi limeshakaa begani. Hakuonyesha kushtuka. Wachezaji wanajua, nadhani, wanajua kabla ya vikao. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu, kidole kikasimama katikati ya ukurasa, palepale nilipokuwa nimeogopa.

"Mia moja ishirini na moja," alisema. "Umeweka na zile za kuni?"

Nilisema ndiyo.

"Bila hizo ni ngapi?"

"Themanini na nne."

Akanyoosha mkono. Mfukoni nilikuwa na ile kalamu nyekundu, nikampa. Akaiweka karatasi juu ya goti, akakata 121 kwa mstari mmoja, akaandika 84 pembeni kwa mwandiko wa taratibu, akanirudishia kalamu. Barua akaikunja mara mbili, akaitia begini.

"Wakitubana uwanja mzima, nani atavusha?"

Nikamtajia kijana mpya.

"Ana sekunde nane za kuvuka nusu ya uwanja. Mwambie asidunde kabla hajatazama. Akidunda kwanza, tano zimekwenda."

Alikuwa ameshafika karibu na mlango wa uwanja alipogeuka. "Na yule wa kushoto, mwambie asogee. Huwa anasahau kusogea."