Karanga, boti na moyo wangu

Ninauza vitenge Kadutu, na mzigo wangu huupata Goma. Miaka mingi nilipanda boti ya mwendo wa kasi hapa Bukavu, kuvuka Ziwa Kivu, bila wasiwasi, nikasinzia hata kabla hatujakifikia kisiwa cha Idjwi. Asubuhi moja ya mwaka 2023, nimekwisha kaa na boti bado imefungwa kamba, moyo ukaanza kwenda mbio. Midomo ikafa ganzi. Vidole vikasisimka, vikajikunja vyenyewe. Nikajua ninakufa; wala sikusema "labda". Nikaruka nje, nikaiacha tikiti na kifurushi changu cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikajitupa juu ya gunia la mtu.

Baada ya muda mfupi nilikuwa mzima kabisa. Ile raha niliyoisikia juu ya gunia ndiyo iliyoniponza. Kichwa kilikwisha jifunza: ukishuka, unapona. Wiki iliyofuata nikashuka kwenye teksi Nyawera, kabla ya kufika nilikokuwa nakwenda. Kisha nikawa nakwepa pikipiki, nikakwepa misa, hadi foleni ya benki.

Shemeji alisema ni mapepo, jirani akasema ni presha. Nikaombewa, nikapimwa. Presha ilikuwa sawa na moyo pia.

Muuguzi ndiye aliyenifungua macho. "Mama, ukishtuka unavuta hewa kuliko unayohitaji. Hewa ukaa inapungua kwenye damu, ndiyo ganzi hiyo. Inatisha lakini haikuui. Hofu inapanda kwa dakika kumi hivi, halafu inashuka yenyewe." Nikamwuliza dawa. Akasema zipo na daktari anaweza kuniandikia, ila kwanza nijaribu kutoshuka.

Kutoshuka! Rahisi kusema ukiwa umevaa koti jeupe.

Nilianza kwa kwenda bandarini bila safari. Nakaa tu, natazama wapagazi, moyo unapiga, narudi nyumbani. Siku ya nne au ya tano nikachoka kuogopa, nikakata tikiti ya Idjwi, ambako si mbali kama Goma. Boti ilipoachia gati, ikanijia. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja na karanga za kukaanga kwenye kitambaa. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Bibi, nimeshikwa na hofu, usinishangae."

Hakunishangaa. Akanimwagia karanga kiganjani, akasema, "Toa maganda, mwanangu."

Ukitaka kutoa maganda ya karanga, unazisugua kati ya viganja, kisha unapuliza. Ukipuliza kwa nguvu, karanga nazo zinaruka. Lazima upulize polepole, pumzi ndefu, maganda mekundu yapeperuke yenyewe. Nikasugua, nikapuliza. Ganzi ilikuwa bado ipo, na mara mbili nilitaka kupiga kelele warudi. Lakini kufika kiganja cha tatu, nikagundua nimeanza kula. Muuguzi alikuwa amenifundisha kutoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta, nikashindwa kabisa. Bibi hakufundisha kitu.

Goma nilifika mwezi uliofuata, na karanga zangu mwenyewe. Hofu ilikuja karibu na Idjwi, ikaondoka, ikarudi tulipouona mlima Nyiragongo. Niliiacha ije. Siku hizi inakuja mara chache, na kuna siku inakuja kwa nguvu ileile ya kwanza.

Kuna jambo nililichelewa kulitambua. Hofu ile ya ganzi hunifanya nijisikilize mimi: mapigo, pumzi, vidole. Iko nyingine inayotazama nje, na hiyo siipulizii karanga. Ziwa Kivu si la mzaha. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, kule Goma, watu wakafa mbele ya macho ya waliosimama ufukweni.

Siku moja nimepanda, nimekaa, moyo umetulia kabisa. Nikahesabu jile za kuokolea watu majini, nikatazama watu. Walikuwa wanaendelea kuingia, magunia ya maharagwe yamepangwa hadi kwenye njia ya kupitia, na maji yamepanda ubavuni mwa boti kuliko kawaida. Nikasimama.

"Mama, unaogopa?" kijana wa tikiti akacheka.

"Naogopa," nikamwambia. Nikashuka taratibu, tikiti mkononi, na sambaza zangu kwapani.